Kamba za Juu, Kamba za Chini au Bonanza: Ofisi ya Kigoma Ichague Lipi kwa Siku ya Kujenga Timu?

Ofisi inapotenga fedha kwa ajili ya siku ya kuwajenga wafanyakazi wake kuwa timu moja, mjadala wa kwanza hapa Kigoma huwa ni mahali na chakula. Suala la shughuli yenyewe huachwa mwisho, kisha likaamuliwa kwa haraka na mtu mmoja aliyeona picha za watu wakining'inia kwenye nguzo huku wakicheka. Picha hizo huonyesha aina moja tu ya mazoezi ya kamba, ile ya juu, ilhali zipo mbili zenye tabia tofauti kabisa, na pembeni yake lipo bonanza tulilolizoea, ambalo nalo lina kazi yake. Hapa nitazitazama zote tatu kwa jicho la afisa utumishi au mjumbe wa kamati ya maandalizi mwenye watu ishirini na kitu, bajeti isiyotosha, na mkuu wa ofisi anayetaka kuona matokeo. Msimamo wangu ni kwamba ofisi nyingi za hapa zitafaidika zaidi na kamba za chini, na sababu zake si za gharama peke yake.

Aina mbili za kamba

Kamba za juu ni uwanja wa nguzo au miti mirefu iliyounganishwa kwa nyaya, magogo na madaraja yanayoyumba, kwa kawaida kati ya mita 6 na 12 kutoka ardhini. Mshiriki huvaa helmeti na mshipi wa usalama unaofungwa kiunoni na mapajani, kisha huunganishwa na kamba kwa karabina, yaani pete ya chuma au aluminiamu yenye mlango unaojifunga. Zipo namna mbili za kumlinda. Katika ya kwanza, mtu aliye chini hushikilia kamba yake kupitia kifaa cha breki na kuivuta au kuilegeza kadiri anavyopanda. Katika ya pili, mshiriki mwenyewe hubeba mikia miwili ya kamba yenye karabina na kuihamisha mmoja mmoja kutoka waya mmoja hadi mwingine, kwa sharti kwamba hata sekunde moja asibaki bila angalau mkia mmoja uliofungwa. Mazoezi yenyewe ni kama kuvuka waya mmoja ukishika kamba zinazoning'inia, kupanda ngazi ya magogo ambayo nafasi zake huzidi kupanuka kuelekea juu hadi watu wawili walazimike kusaidiana, au kupanda nguzo moja hadi kileleni, kusimama juu yake na kuirukia bembea iliyo mbele.

Katika kamba za chini miguu ya mtu haipandi zaidi ya mita moja hivi, na mara nyingi hugusa ardhi wakati wote. Hakuna mshipi, kinachomlinda mtu ni mikono ya wenzake waliojipanga pembeni, ambao wamefundishwa namna ya kusimama, kuinua viganja na kumwelekeza anayeanguka ili kichwa na mgongo visigonge chini. Hapo ndipo utakutana na utando wa buibui, yaani wavu wa matundu ya ukubwa tofauti uliofungwa kati ya miti miwili, ambao kundi zima lazima lipite bila kuugusa na bila tundu moja kutumiwa mara mbili. Utakutana pia na visiwa vya mbao vinavyovukwa kwa vibao vifupi kuliko pengo lenyewe, jukwaa la mizani ambalo watu wote hupanda na kulisawazisha, na waya wa kutembelea kati ya mti na mti. Ukuta laini wa karibu mita 4, ambao kila mtu lazima avuke bila ngazi wala kamba, huhesabiwa na wengi pamoja na mazoezi haya, ingawa kwa hatari yake mimi ningeuweka katikati.

Historia yake inaeleza tofauti hii vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20, Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alibuni mafunzo ya kupanda, kuruka, kubeba na kusawazisha mwili, na kutoka kwake majeshi yakapata viwanja vya vikwazo. Mwaka 1941, Kurt Hahn alishiriki kuanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ambayo ilitumia bahari na milima kuwakomaza vijana. Mkono wa harakati hiyo ulifika kwetu katika miaka ya 1950 kupitia shule ya Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro. Kisha mwaka 1971 walimu wa shule moja ya Massachusetts, Marekani, wakaanzisha mpango wa Project Adventure, ambao uliyaingiza mazoezi haya katika ratiba ya kawaida ya shule na kuyafungamanisha na mazungumzo baada ya kila zoezi. Kwa hiyo kamba za juu bado zina harufu ya kambi: swali lake ni kama wewe unaweza. Kamba za chini zimelelewa zaidi na darasa, na swali lake ni jinsi ninyi mnavyofanya kazi.

Siku inavyokwenda, na nani anasimama tu

Jambo ambalo mabango ya matangazo hayasemi ni hesabu ya muda. Chukulia kundi la watu 24 na zoezi la juu lenye njia mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kila mtu akitumia dakika 10 kufungwa, kupanda, kusitasita, kuvuka na kushushwa, kundi litahitaji dakika 120 kwa zoezi hilo moja, na hapo hujahesabu maelezo ya usalama na kuvalishana mishipi, ambayo kwa wageni hayapungui nusu saa. Maana yake ni kwamba kila mfanyakazi atakuwa juu kwa dakika 10 na chini kwa takribani saa mbili. Kama waendeshaji hawakumpa kazi ya kushika mkia wa kamba, kukagua vifungo pamoja na mwezeshaji au kumwelekeza mwenzake aliye juu, atazitumia saa hizo kwenye kivuli na simu yake, na mnaposema mmekwenda kujenga timu, yeye atakuwa amekwenda kutazama.

Kamba za chini hazina foleni ya namna hiyo. Watu 24 hugawanywa katika makundi mawili ya watu 12, kila moja na mwezeshaji wake, na kila mtu anahitajika tangu dakika ya kwanza. Asubuhi moja hutosha kwa michezo ya kuchangamsha mwili, mazoezi matatu au manne, na tathmini baada ya kila moja. Uchovu wake ni wa aina nyingine: jioni mikono haiumi sana, lakini watu huwa wamechoka kusikilizana.

Bonanza lina udhaifu wake wa muda pia, nao unajulikana. Wenye uwezo wa kucheza mpira hucheza, mashabiki hushabikia, na kundi la tatu hushughulikia jiko.

Kinachoonekana watu wakiwa chini

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu ndipo thamani yote ilipo. Chukua zoezi la visiwa. Majukwaa matatu ya mbao yamewekwa kwa umbali ambao kibao kimoja hakifiki, kundi lina vibao viwili, na yeyote anayekanyaga ardhi hulirudisha kundi zima mwanzo. Katika zoezi kama hilo nililolishuhudia, mkuu wa idara alishika kibao cha kwanza kabla mwezeshaji hajamaliza maelezo. Mhasibu alikuwa na mpango, mtu wa manunuzi alikuwa na mpango mwingine, na wote wawili walizungumza wakimtazama mkuu, si wakitazama vibao. Dereva wa ofisi alisimama nyuma kabisa, kisigino kimoja kikiwa kimening'inia nje ya jukwaa, akiwa amemshika bega mhudumu wa ofisi asianguke. Kundi lilirudishwa mwanzo mara tatu. Mwezeshaji hakusema neno.

Ulipofika wakati wa tathmini, aliuliza swali moja tu: nani alilijua jibu mapema? Baada ya ukimya, dereva akasema kwa upole, "Mimi niliona tangu mwanzo, Mzee, kwamba kibao kimoja kikikanyagwa na watu wawili nyuma, cha pili kinaegemea juu yake. Ila wakubwa walikuwa wanaongea." Watu walicheka, mkuu naye alicheka, kisha wakaanza kutaja, bila kuulizwa, mambo ya ofisini ambayo watu wa chini huyaona mapema na hakuna anayewauliza: gari linalopelekwa gereji wakati limekwisha kuharibika, barua inayozunguka meza tano kwa saini moja. Sidhani kama nguzo ya mita 10 ingeyatoa maneno hayo.

Wawezeshaji wazuri hujenga tathmini juu ya maswali matatu yanayofuatana: nini kimetokea, kina maana gani kwetu, na sasa tutafanya nini. Ni maswali mepesi kuyasema na magumu kuyasimamia, maana Waswahili tuna adabu ya kutomwambia mkubwa kosa lake mbele za watu, na mwezeshaji asiyeijua adabu hiyo atapata ama majibu ya kupamba ama ugomvi. Njia ambayo nimeona inafaa ni kumfunga mkuu kitambaa cha macho au kumwamuru asiseme katika zoezi la pili, kama sehemu ya kanuni za mchezo. Hapo watu hulazimika kuongoza bila kuonekana wamemvunjia heshima, na mkuu mwenyewe husikia sauti ambazo kwenye kikao hazisikiki. Ofisi ikiwa na bajeti ya kulipia jambo moja tu la ubora, ilipie mwezeshaji, kwa kuwa mbao na kamba zinaweza kuwa za kawaida.

Kamba za juu zina faida yake, nami sitaki kuidharau. Mtu mwenye woga akivuka waya huku wenzake wakimtaja jina, hushuka akiwa na kitu ambacho semina haiwezi kumpa, na mara nyingi yule aliyedhaniwa dhaifu ndiye hufika mwisho huku mbabe wa ofisi akikwama kwenye ngazi ya tatu. Hadhi za watu hubadilika kidogo, na hilo ni jema. Ila badiliko hilo linahusu zaidi jinsi watu wanavyomtazama mtu mmoja. Barua itaendelea kuzunguka meza tano.

Hiari ambayo si hiari

Waendeshaji wa kamba za juu karibu wote wana kanuni kwamba kila mshiriki huchagua mwenyewe kiwango chake cha changamoto, na asiyetaka kupanda hasukumwi. Kanuni hiyo ni njema, lakini iliandikwa bila kumfikiria mkuu wa ofisi aliyesimama chini ya nguzo akisema, "Panda tu, mama, mbona wenzako wamepanda?" Mfanyakazi wa mkataba ambaye mkataba wake unakwisha mwezi ujao hawezi kuipima sentensi hiyo kama utani. Kwa sababu hiyo, kama mmechagua kamba za juu, mkuu aombwe mapema, kwa faragha, asimhimize mtu yeyote kwa jina, na ikiwezekana awe yeye wa kwanza kusema ataishia nusu.

Fomu za afya nazo zinahitaji akili. Mjamzito, mwenye tatizo la moyo, presha isiyodhibitiwa, kifafa, pumu inayosumbua, bega linalochomoka au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni anapaswa kulisema kabla ya kufungwa mshipi. Lakini si vizuri fomu hizo zipite mikononi mwa afisa utumishi, kwani mtu ataficha mimba changa au ugonjwa ambao hajautangaza ofisini. Zipelekwe moja kwa moja kwa mwezeshaji. Vivyo hivyo kuhusu uzito: waendeshaji wengi huweka ukomo karibu na kilo 110 hadi 120, na nimewahi kuona mizani ikiwekwa mbele ya kadamnasi, jambo la aibu lisilo na ulazima wowote.

Katika kamba za chini shinikizo hili lipo pia, ila hupungua, kwa sababu asiyeweza kupitishwa kwenye utando anaweza kuwa mpangaji, mhesabu wa matundu au mlinzi wa mwenzake, na hiyo ni kazi ya kweli. Zoezi moja tu la chini ningelikataa waziwazi, nalo ni lile la mtu kupanda jukwaa na kujiangusha kinyumenyume mikononi mwa wenzake. Hatari yake kwa mikono na vichwa vya wapokeaji ni kubwa kuliko faida, na imani kati ya wafanyakazi hujengwa kwa kulipana madeni na kutunza siri.

Mavazi, mikono na heshima

Kigoma Ujiji ni mji wa watu wengi wa baibui, kanzu na vitenge, na suala hili huamua zaidi kuliko wapangaji wanavyodhani. Mshipi wa usalama una vitanzi viwili vinavyozunguka mapaja na kukazwa karibu kabisa na kinena. Hauvaliki juu ya gauni refu wala baibui, na ukikazwa huvuta nguo na kuchora maungo. Mwanamke atahitaji suruali pana au dera fupi juu ya suruali, mtandio uliochomekwa ndani ili ncha zake zisiingie kwenye kifaa cha breki, na mwezeshaji mwanamke wa kumkagua. Jambo la mwisho linapaswa kuombwa siku ya kuweka nafasi, si asubuhi ya tukio.

Kamba za chini hazina mshipi, lakini zina mikono. Utando wa buibui humlazimu mtu kubebwa akiwa amelala, na si kila mwanamke atakubali kubebwa na wanaume wa ofisini, wala si kila mwanamume atajisikia vizuri kumbeba bosi wa kike. Hapa mwezeshaji mwenye busara hubadilisha kanuni: makundi ya jinsia moja kwa zoezi hilo tu, au matundu makubwa ya chini ambayo mtu hupita mwenyewe kwa kuinama, huku kazi ya kundi ikibaki ile ya kupanga nani apite wapi. Mazoezi ya visiwa na mizani hayana tatizo hilo. Katika mwezi wa Ramadhani nisingepanga shughuli yoyote kati ya hizi, kwa sababu ya kiu peke yake.

Usalama: mchwa, kamba za mwaloni na radi

Anayekwenda kukagua uwanja wa kamba katika mikoa yetu ya magharibi aanze chini, kwenye shina la nguzo, kabla ya kuinua macho. Mchwa hula nguzo kutoka ndani, hasa usawa wa udongo, na nje ikabaki inapendeza. Nguzo zinapaswa kuwa zimetiwa dawa, na ukizigonga kwa jiwe zitoe sauti iliyojaa, si ya mtungi mtupu. Kisha uliza tarehe ya ukaguzi wa mwisho na aliyeufanya, uombe kuona daftari la kamba na mishipi linaloonyesha vilinunuliwa lini, kwani jua letu hula nailoni hata ikiwa haijatumika sana. Mshipi halali huwa na alama ya kiwango kama EN 12277, helmeti EN 12492, na karabina huchorwa nguvu yake ubavuni. Ukiona 22 kN, maana yake ni mzigo wa takribani kilo 2,200 kwa urefu wake. Karabina zisizo na maandishi yoyote, za aina ya kuning'inizia funguo, ziwe sababu ya kurudi nyumbani.

Kuna kishawishi cha kujitengenezea. Mtu atasema kamba za manila zinapatikana Kibirizi, miti ipo, vijana wapo, tulipie mwezeshaji wa nini. Kamba hizo zinafaa sana kwa kufunga mitumbwi, kuweka mipaka na kusuka utando wa buibui ambao mtu hautegemei kumshika. Zisitumike kamwe kubeba uzito wa mtu aliye juu, na katani vilevile. Mwembe mkubwa ni kivuli kizuri cha kufanyia kamba za chini, na Ujiji tumejaliwa miembe, lakini matawi yake si ya kutundika kitu. Funga kwenye shina, tena ukizungushia gunia ili gome lisichubuke.

Katika kamba za juu muulize mwendeshaji swali hili, na usikilize anavyojibu: mtu akizimia juu, mnamshushaje, na kwa dakika ngapi? Mtu anayening'inia kwenye mshipi bila kujisogeza damu yake hutuama miguuni, na akiachwa hali inaweza kuwa mbaya haraka, hivyo lazima awepo mwezeshaji mwenye kifaa cha uokoaji na aliyefanya zoezi hilo kwa vitendo. Jibu la kwamba jambo hilo halijawahi kutokea si jibu.

Radi ni suala la pekee kwetu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hujikusanya mchana juu ya ziwa na milima, na nguzo ndefu zenye nyaya za chuma ni mahali pa mwisho ambapo mtu angetaka kuwapo. Ngurumo ya kwanza ikisikika watu washuke, wala wasirudi hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Kamba za chini nazo husimama, ila angalau hakuna anayehitaji kuteremshwa. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo salama zaidi kwa aina zote mbili.

Gharama na umbali

Kigoma ni mwisho wa reli, na kwa suala la kamba za juu usemi huo una uzito wa fedha. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,250. Kuwasafirisha watu ishirini na kitu kuufuata uwanja maana yake ni nauli, posho ya kujikimu ya siku kadhaa, malazi, na ofisi kubaki na mlinzi. Kamba za chini husafiri upande wa pili: wawezeshaji wawili na masanduku machache ya vifaa huja kwenu, mkatumia uwanja wa shule au bustani yenye miti, na fedha iliyobaki ikalipa siku ya pili ya ufuatiliaji baada ya miezi mitatu. Hata kama ofisi ina uwezo wa safari, ningeuliza kama watu wenye watoto wadogo, dereva, mlinzi na mhudumu wa usafi wamo kwenye orodha. Safari ya mbali huwaacha wao kwanza, na siku ya kujenga timu bila wao hujenga nusu ya timu.

Kwa shughuli ya aina yoyote, mwajiri aandike barua mapema kwa kampuni yake ya bima na ajiridhishe kwa maandishi jinsi ajali ya siku hiyo itakavyoshughulikiwa. Gari moja libaki uwanjani likiwa na mafuta, na dereva wake aijue njia ya Hospitali ya Maweni.

Lini bonanza linatosha

Kuna ofisi ambazo hazina tatizo la kusikilizana, zina uchovu. Mwaka wa fedha umefungwa, watu wamekesha, na wanachohitaji ni ngoma, mpira, kuvuta kamba, kufukuza kuku na sahani ya ugali na mgebuka wa kuchoma. Kuwapelekea watu hao mwezeshaji mwenye maswali matatu ni kuwaongezea kazi. Bonanza halidai tathmini, halihitaji fomu, na linawaruhusu watoto na wenza kuja, jambo ambalo kamba haziwezi. Hatari yake kubwa ni misuli ya watu wa miaka 50 waliokimbia mara ya mwisho wakiwa shuleni, na mashindano ya idara kwa idara yanayoacha kinyongo, changanyeni timu.

Wengine hufikiria Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, kilomita chache kaskazini mwa mji kwa boti. Ni safari nzuri sana, na ni aibu kwa mtu kuishi Kigoma miaka mingi bila kuiona. Lakini sokwe hutazamwa kwa makundi madogo, kwa utulivu na kwa umbali uliowekwa, na mlima wake hutenganisha wenye pumzi na wasio nayo ndani ya nusu saa ya kwanza. Ipangeni kama zawadi kwa wafanyakazi, na jaketi za kuokolea ziwe za watu wote botini.

Kama kamba za juu zimekwisha kuamuliwa

Mara nyingi ulinganisho kama huu humfikia afisa wakati mkuu amekwisha kuamua, na barua ya kuomba nafasi imekwisha kutumwa. Hapo bado kuna nafasi ya kuiokoa siku. Ombeni saa za asubuhi ziwe za kamba za chini kwa watu wote, na za juu zifuate mchana kwa wanaotaka, ili wasiotaka wawe wamekwisha kushiriki kikamilifu na wasionekane wamekataa. Tathmini ya mwisho ifanyike kabla ya chakula, maana baada ya kula hakuna anayesikiliza. Makubaliano yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, kila moja likiwa na jina la mhusika na tarehe, na ukurasa huo atunze mtu asiye mkuu wa ofisi wala afisa utumishi, ausome kwenye kikao cha Jumatatu ya kwanza na kile cha mwezi unaofuata.